Kruzi ya Ulaya, meli ndogo ya pwani yetu, au tujipange wenyewe? Ni safari ya mama, naombeni ushauri

Mwana_Rungwe
Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Nipo hapa Mbeya mjini, nina jambo naomba mnisaidie kulipima maana familia tumegawanyika. Mama yangu kafundisha historia sekondari huko Iringa miaka 31, kastaafu, na bahari kaiona siku moja tu pale Feri Dar alipoenda kufuatilia mafao yake. Watoto tumechanga, tukajumlisha na hela ya parachichi za msimu huu, tumefika milioni 15. Tunataka apande meli nzuri, ahudumiwe, aone miji ya kale, na mi ndo nitamsindikiza. Ana miaka 66, goti la kulia linamsumbua ila anatembea.

Sasa dada yangu anataka kruzi ya Ulaya, yaani matembezi ya baharini kwa meli kubwa, ya siku saba, inaanzia upande wa Venice inapita Dubrovnik, Kotor na kisiwa cha Santorini kule Ugiriki, tumepewa bei ya dola 900 kwa mtu chumba cha ndani kisicho na dirisha, nauli ya ndege bado. Kaka anasema zipo meli ndogo za kifahari zinazopita pwani yetu hii hii, Mombasa, Zanzibar, Kilwa mpaka Kisiwa cha Msumbiji. Mi mwenyewe nawaza kwanini tusiende na ndege na boti tukajipangia wenyewe. Mliowahi kusafiri hivi semeni ukweli, hela hii haitapatikana mara mbili.

Baharia_Makambako
Mkuu hongera kwa kumkumbuka mama. Nimefanya kazi kwenye hizo meli kubwa mikataba miwili, nilikuwa mhudumu wa vyumba, kwaiyo nakwambia nilichokiona kwa macho. Meli ni mji kabisa, chakula kutwa nzima, bwawa, muziki, mzee wako atalala kwenye shuka nyeupe na akitoka kunywa chai akirudi anakuta kitanda kimetandikwa na taulo limekunjwa umbo la tembo. Raha ipo na wala sitaibeza. Ila shida yako wewe ni miji, na hapo ndo uangalie saa. Meli inafunga asubuhi kama saa 2, jioni saa 11 au 12 inaondoka na abiria mnatakiwa muwe ndani nusu saa kabla. Toa muda wa kushuka, foleni, basi la kuwapeleka mjini, mnabaki na masaa matano au sita. Na ukienda matembezi yako binafsi ukachelewa meli haikungoji, nimeona watu wamesimama gatini wanapunga mikono na mizigo yao iko ndani.

Alafu ile dola 900 sio bei ya mwisho. Bakshishi ya wahudumu wanakukata kwa kila siku kwa kila mtu, soda na pombe mara nyingi mbali, intaneti mbali, matembezi ya kila bandari mbali. Ongeza karibu nusu ya bei juu yake ndo ulale usingizi. Na chumba chukueni cha katikati ya meli na ghorofa za chini, kule mbele na juu ndo panapoyumba zaidi.

Dada_Kihesa
Kamweneeee! Mi na mume wangu tulienda hiyo njia ya Dubrovnik na Santorini tukitokea Iringa, na nitasema kwa uzuri nilioona sijutii hata kidogo. Dubrovnik ule ukuta unauzunguka juu kwa juu karibu kilometa 2, upande huu bahari upande huu mapaa mekundu, mi nilisimama nikalia jamani. LAKINI goti la mama. Ule ukuta ni ngazi kupanda na kushuka na jua la mwezi wa 7 linachoma mawe mpaka unahisi kwenye soli. Santorini meli haifungi gatini, inatia nanga nje mnashushwa na viboti, ukifika chini mji uko juu ya jabali, kuna ngazi karibu 600 au ile kebo ya kuning'inia, na foleni ya kebo siku meli zikiwa nyingi tulisimama zaidi ya saa nzima.

Na Venice msidanganyike na picha za zamani za meli kupita mbele ya kanisa kuu. Kuanzia Agosti 2021 meli kubwa zimekatazwa kupita pale katikati, nyingi zinapakia watu Marghera, Trieste au Ravenna. Sisi ilikuwa Ravenna, Venice yenyewe ni safari ya basi ya masaa mawili na zaidi, tukaikosa. Someni vizuri kwenye tiketi bandari ipi, sio jina la mji lililoandikwa kwa herufi kubwa.

Viza nayo ni kazi. Maombi mnapeleka Dar, euro 90 kwa mtu mzima haurudishiwi wakikunyima, bima ya safari isiyopungua euro 30,000, taarifa za benki, na lazima muombe ya kuingia mara nyingi, kwasababu Kotor ipo Montenegro ambayo haimo kwenye Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, mkishatoka mkirudi upande wa Ugiriki mnahesabiwa mnaingia upya. Sisi tulikuwa tumejaza ya kuingia mara moja, bahati nzuri karani mmoja dirishani akatuonea huruma akatwambia tubadilishe fomu.

Tukuyu_Mvua
Mi namuunga mkono kaka. Mwalimu wa historia umpeleke Ulaya kabla hajaikanyaga Kilwa? Hizo meli ndogo zinabeba watu mia na kitu mpaka mia mbili hivi, kuna wataalamu wa historia humo ndani wanatoa mada usiku kabla ya kufika bandarini, na zinaingia sehemu ambazo meli kubwa haiwezi. Fikiria Fort Jesus ya Mombasa, Wareno walianza kuijenga 1593. Fikiria Kisiwa cha Msumbiji, kile kikanisa kidogo cha mwaka 1522 pale kwenye ncha ya ngome. Na kwa pasipoti yetu Kenya na Msumbiji huhangaiki na viza. Msimu wake kaskazi, kuanzia Novemba mpaka Machi.

Baharia_Makambako
@Tukuyu_Mvua hapo kwenye wazo nakubali ila kwenye hela hapana ndugu yangu. Hizo meli ndogo ndo ghali kuliko zote, bei ya usiku mmoja kwa mtu mmoja inaweza kula dola mia kadhaa mpaka elfu, na safari ni siku 10 au 14. Milioni 15 haimtoshi hata mama peke yake. Na Kilwa wanashuka asubuhi, mchana wanapandishwa melini kula.

Njombe_Baridi
Shikamooni wakubwa. Mi nilienda Kilwa mwaka juzi na gari langu, Makambako, Songea, Tunduru, Masasi mpaka Lindi, lami kote, nikalala njiani mara mbili. Nilitegemea niandike mistari mitatu ila ngoja niseme maana hii mada imenigusa, hata baba yangu alikuwa mwalimu.

Unalala Kilwa Masoko, asubuhi unachukua kibali pamoja na mtembezaji wageni, mnavuka na boti kwenda Kilwa Kisiwani, sio mbali. Ule msikiti mkuu ukiingia ndani ni baridi, nguzo na kuba za matumbawe, mtembezaji wetu alikuwa mzaliwa wa palepale kisiwani anaongea kwa sauti ya chini kama yuko nyumbani kwa babu yake. Husuni Kubwa ndo iliniua kabisa. Ni jumba la sultani al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14, zaidi ya vyumba mia, limekaa juu ya jabali linatazama bahari, na kuna kisima cha kuogea cha pembe nane. Nilikaa pale ukingoni nikapitisha mkono kwenye jiwe, limechongwa kwa ustadi, halafu kuna mdudu mdogo wa pwani anatembea kwenye ufa wake bila haraka. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa 1331 na akausifu mji, nadhani mama yako kafundisha hiyo sentensi kwa madarasa thelathini. Hakuna mtu aliyetukimbiza. Tulikaa mpaka jua likapoa.

Tahadhari, maji yakitoka boti haifiki ukingoni, unashuka unatembea kwenye maji. Songo Mnara, kisiwa kingine cha magofu jirani, ndo zaidi, mnapita kwenye mikoko, kwa goti lile ningeiacha. Na msiende mwezi wa 4 na wa 5, ile barabara ya kusini mnakumbuka Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivyokata madaraja kule Somanga.

Mama_Kyela
Mwanangu kabla hujalipa hata senti, jua kwanza kama mama tumbo lake linakubali chombo. Kuna watu kigegezi kinawashika hata kwenye utulivu. Mleteni huku Kyela, muulizie ratiba ya MV Mbeya II, meli ya Ziwa Nyasa inayokwenda mpaka Mbamba Bay, ziwa letu nalo likichafuka linayumbisha kweli. Mshuke hata Matema tu mlale mle samaki. Mtajua palepale.

Mwana_Rungwe
Ndaga fijo wote, nimesoma mara mbili na nimemsomea mama kwa sauti. Dada_Kihesa ile habari ya ngazi imemfikirisha, Dubrovnik anasema mtaiangalia nyinyi kwa niaba yangu. Nilipofika kwenye kisima cha pembe nane akanizuia, akaenda chumbani akarudi na daftari lake la zamani la maandalio, ramani ya Husuni Kubwa kaichora kwa kalamu ya risasi na pembeni ya kile kisima kaweka alama ya kuuliza. Anasema hakuwahi kuwa na uhakika kama alikichora sawa.

Basi tumekubaliana. Mwezi huu Kyela kwanza kujaribu chombo. Mwezi wa 9 ndege kutoka Songwe, Dar, boti ya kwenda Zanzibar ni kama masaa mawili, hapo tutalala usiku nne hoteli nzuri ndani ya Mji Mkongwe yenye lifti na bafu la maana, maana kuhudumiwa lazima ahudumiwe. Kisha Kilwa usiku tatu. Hela ikibaki, Lamu. Nimepiga hesabu inatosha na chenji inabaki. @Njombe_Baridi nikutumie ujumbe unipe namna ya kumpata yule mtembezaji?

Njombe_Baridi
Tuma mkuu. Na mnunulie mama vile viatu vya plastiki vya kamba nyuma, sio kandambili, zinavuliwa na tope. Daftari liwekeni kwenye mfuko wa nailoni kabla hamjapanda boti.