Wajukuu wa Bweni (kundi la WhatsApp)

Alhamisi, saa 1:08 asubuhi

Ma'mkubwa Zaina: [picha ya waridi: "Asubuhi njema, Mungu akufungulie milango ya heri"]

Dada Rehema: Assalaam alaykum. Ma'mkubwa shikamoo. Jamani, naomba msome mpaka mwisho, msiruke. Jana usiku kanipigia jirani yake Bibi, yule wa nyumba ya mwembe. Bibi ameanguka. Aliteleza uani akitoka kuchota maji, kaumia nyonga. Na si jana. Ni wiki mbili zilizopita.

Dada Rehema: Wiki mbili!! Anatembea kwa kushika ukuta.

Dada Rehema: Nimerudi juu kuangalia siku hiyo humu tulikuwa tunaongea nini. Jumatano ile tulikuwa tunampongeza mtoto wa Sauda kutimiza mwaka. Jumbe 83 nimezihesabu. Keki, stika, maputo. Na Bibi yuko chini uani anaita watu.

Sauda: Subhanallah. Moyo umenienda mbio. Pole yake Bibi wetu

Chidi: Pole sana Bibi 🙏

Ma'mkubwa Zaina: 🙏🙏🙏

Dada Rehema: Pole nimeziona. Sasa nataka majina. Jumamosi ya wiki ijayo tunakwenda Bweni. Wa Dar tukutane Mbezi alfajiri, tupande gari la Tanga, tuunge Pangani, tuvuke na kivuko. Walioko Tanga mjini hawana udhuru hata kidogo. Tuko watu 47 humu. Jina la kundi ni kijiji chake, picha ya kundi ni sura yake, na mwenyewe hayumo kwa sababu ana kitochi kisicho na WhatsApp.

Chidi: Basi tumnunulie simujanja tumwingize. Kila mtu elfu kumi, inapatikana nzuri na bando la mwezi juu. Tunamuona kwa video kila jioni

Dada Rehema: Chidi, Bibi ana mtoto wa jicho. Ataona nini?

Chidi: Si atatusikia dada

Dada Rehema: Hata kitochi kinasikika. Tangu mwezi uanze umempigia mara ngapi?

Saa 3:40

Dada Rehema: Mnasoma mnanyamaza. Tiki za bluu nazihesabu.

Nuru wa Mtwara: Nilikuwa darasani dada. Mimi sina uhakika na ruhusa, nitasema jioni. Ila Chidi asikatwe kauli. Mume wangu amehamishwa mara tatu, bila kundi hili nisingemjua hata mtoto mmoja wa Sauda kwa sura. Na mwanangu alipotakiwa upasuaji niliandika humu saa 4 usiku. Keshokutwa yake nilikuwa na 1,860,000 kwenye M-Pesa. Wengine walionichangia mpaka leo hatujaonana ana kwa ana. Hilo siwezi kulisahau

Sauda: Kweli kabisa

Dada Rehema: Wala mimi silisahau, nilikuwa mweka hazina. Lakini Nuru, ile siku wewe uliandika. Bibi hana pa kuandika. Humu anayeandika ndiye anayesaidiwa.

Ba'mdogo Mbwana: Mimi swali langu dogo tu. Tukienda nani atapika pweza?

Sauda: Hahaha Ba'mdogo jamani

Chidi: Asipike Asma tu. Mnakumbuka ule wa Idi? Tulitafuna mpaka Maghribi

Asma: Ule pweza ulinunua wewe Chidi, alikuwa na umri wa Babu

Ba'mdogo Mbwana: 🤣🤣 [stika ya ngamia anayecheka]

Dada Rehema: Ba'mdogo, shikamoo. Nimesema nyonga, nimesema ukuta. Naomba.

Ba'mdogo Mbwana: Marahaba mwanangu. Haya nimekoma

Asma: Niseme kitu. Mnakumbuka Oktoba 4, 2021, WhatsApp na Facebook na Instagram zilipozimika zote jioni, kama saa sita nzima? Nilikuwa Bweni usiku ule. Simu ya Bibi iliita mara saba. Watu hawana pa kuchati, wakakumbuka kumpigia. Alikuwa amekaa mkekani na kile kitochi kakiweka kifuani, kila kikiita anakiangalia kwanza kabla ya kupokea. Mara ya nne akaniuliza, "Asma mwanangu, niambie kweli, nani kafa?"

Asma: Kwake yeye simu saba usiku mmoja ni msiba

Sauda: 😭

Nuru wa Mtwara: Mimi nilikuwa mmoja wa wale saba. Sijampigia tena usiku tangu hapo, Mungu anisamehe

Saa 6:15 mchana

Juma Dubai: Assalaam alaykum wote. Ndiyo nimetoka zamu. Pole kwa Bibi. Kuja siwezi, ila niandikieni nauli za watu wawili wasio na uwezo, nitatuma. Na hiyo video ya kila jioni msinihesabu, huku simu za WhatsApp zimefungiwa, zinapita jumbe za maandishi na za sauti tu. Wengi tunatumia BOTIM, programu nyingine ya kupigia simu

Dada Rehema: Allah akubariki Juma. Haya, mtu yuko Dubai ameshatoa jibu. Aliyeko Ngamiani, hapo Tanga mjini, hajajibu.

Hamisi: Dada mimi nipo Tanga. Keshokutwa nitavuka nikamrekodi Bibi, niwatumie video muone anavyotembea, mjue hali halisi kabla ya kutoa nauli

Mjomba Salimu: Hamisi usije na kamera kwa mama yangu.

Dada Rehema: Mjomba shikamoo

Mjomba Salimu: Marahaba. Nasema usije na kamera. Mama akutwe anashika ukuta, ufanye stetasi?

Hamisi: _Ujumbe huu umefutwa_

Mjomba Salimu: Usifute. Kaka Ali alipofariki mimi nilikuwa ndani ya basi. Tumesimama Chalinze, watu wananunua mahindi dirishani. Simu inaingia "pole sana bwana Salimu", nyingine "pole Salimu, kazi ya Mungu haina makosa". Wafanyakazi wenzangu. Sijui wananipa pole ya nini. Nafungua stetasi ya Hamisi naliona jeneza la kaka yangu, na lile shuka la kijani la mama. Dakika ishirini baadaye ndipo nikapigiwa na nyumbani. Ndugu yangu wa tumbo moja! Watu baki wamejua kabla yangu.

Dada Rehema: Mjomba, nakuomba tusilifungue leo hilo. Tumalize la Bibi kwanza.

Mjomba Salimu: Hilo ndilo la Bibi.

Saa 7:02

Juma Dubai: Mjomba shikamoo. Naomba uniruhusu. Mama yangu alipofariki, Aprili 2020, ndege zilikuwa zimesimama. Hamisi huyu alikuja na simu yake mazikoni, akanitumia vipande 14 vya video. Nilimwona Babu akishuka kaburini. Nilisikia koleo. Kipande cha mwisho Hamisi aliinama, akatia udongo mara tatu akasema "hii ya Juma". Sina kingine cha mazishi ya mama ila hivyo vipande. Simu ni ile ile mjomba, na kijana ni yule yule

Mjomba Salimu: Wewe ulimwomba Juma. Mimi sikumwomba.

Juma Dubai: Ni kweli mjomba

Ma'mkubwa Zaina: [ujumbe uliosambazwa mara nyingi: "Mtumie huu watu kumi uwapendao kabla ya Magharibi…"]

Chidi: Ma'mkubwa 🙈

Dada Rehema: Tuendelee. Na nani kaanza kuchangisha hela ya simujanja? Nimeingiziwa elfu kumi mara tatu, sijaomba.

Chidi: Niliwaambia inbox dada, nilidhani tumekubaliana

Dada Rehema: Nani kakubaliana na nani, Chidi?

Saa 9:30 alasiri

Babu Athumani: [ujumbe wa sauti, dakika 3:12]

Sauda: Shikamoo Babu

Nuru wa Mtwara: Shikamoo Babu. Niko ofisi ya walimu, siwezi kufungua sauti, kuna mtu anaweza kuandika?

Asma: Naandika, subirini

Asma: Babu anasema hivi:

"Nimewasikia. Nimesomewa yote. Mimi nilipokuwa kijana, mtu akifa Bweni alitumwa mtu. Mimi mwenyewe nimetumwa, nimekwenda kwa miguu mpaka Ushongo, jua la utosi. Ukifika husemi mlangoni. Unabisha hodi, unaomba maji, unakunywa, unaketi. Mwenyeji akikuona umekaa hutoi habari, moyo unaanza kumwambia kidogo kidogo. Ndipo unamwambia, na mkono wake umeushika. Huondoki mpaka ainuke yeye. Ikaja redio, majina ya marehemu yakawa yanasomwa, na bado mtu alitumwa. Salimu alilia ndani ya basi hana wa kumshika mkono. Hamisi, hapo ndipo ulipomkosea. Picha ni jambo dogo."

Asma: Halafu amenyamaza kidogo, anakohoa. Anaendelea:

"Na dada yangu ameanguka akaokotwa na jirani. Mimi niko Tanga, mwendo wa asubuhi moja, sikujua. Kila Ijumaa mjukuu hunishikia simu, nasema salamu zangu humu, nasema mfikishieni dada. Nikaona nimeshafika kwake. Hakuna aliyemfikishia, wala sikuuliza. Mimi nakwenda kesho. Anayetaka anifuate."

Saa 10:25

Dada Rehema: Shikamoo Babu. Tumekusikia.

Hamisi: Mjomba shikamoo. Siku ile nilikuwa nimelia sana, nikaona nimwombee mjomba Ali dua mbele ya watu wote. Sikufikiria kama wewe bado hujapata habari. Nilijua usiku, nikaogopa kukupigia, miaka yote hii naogopa. Naomba

Mjomba Salimu: Usiandike. Nipigie.

Saa 12:10 jioni

Dada Rehema: Babu, kesho ni Ijumaa na mimi ruhusa yangu ni ya wiki ijayo. Wa Tanga, nani anampeleka Babu? Hawezi kupanda gari la abiria peke yake, akafika Pangani, akavuka, akapanda tena.

Chidi: Mimi nina pikipiki

Dada Rehema: Babu ana miaka 81, Chidi.

Sauda: Namuuliza baba watoto akirudi

Dada Rehema: Jumamosi ya wiki ijayo mpaka sasa: mimi, Asma, Ba'mdogo Mbwana. Nuru bado. Mjomba Salimu sijui. Elfu thelathini ya simu ninayo, wenyewe wakitaka niigeuze ya hospitali waseme, nyonga lazima ipigwe picha, na mtu akamwulize daktari, si jirani.

Mjomba Salimu: Geuza. Mimi nakuja, lakini sipandi gari moja na watu wa kuchekacheka.

Ba'mdogo Mbwana: Mimi nitanyamaza kaka, wallahi

Dada Rehema: Hamisi, umempigia mjomba?

Saa 3:47 usiku

Faki Muheza: Data nilikuwa nimezima tangu juzi. Nani kaanguka?

Dada Rehema: Soma juu Faki.

Saa 4:20

Faki Muheza: Nimesoma yote. Nimesikiliza Babu mara mbili. Nitamfuata alfajiri na kigari changu, ila matairi ya nyuma yamekwisha na barabara ya Pangani mnaijua. Mafuta ninayo ya kwenda tu

Dada Rehema: Mafuta natuma sasa hivi. Namba ni ile ile? Na mpigie Babu leo leo, umwambie saa ngapi, asikae barazani toka usiku anangoja.

Dada Rehema: Faki?