Natafuta mwalimu wa tuisheni wa Biolojia kwa binti wa kidato cha tano (PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia), Morogoro: nimpimeje kabla ya kumlipa?

Mama Kihonda:

Habari za jioni, ndugu zangu. Naomba ushauri wenu, hasa walimu na wazazi waliopitia jambo hili.

Binti yangu anasoma tahasusi ya PCB katika shule ya bweni na wiki ijayo anarudi nyumbani kwa likizo ya Juni, kisha ataingia kidato cha sita. Kemia anapata B na Fizikia inapanda na kushuka, lakini Biolojia, somo analolipenda na kulisoma kuliko mengine yote, halijavuka D tangu aanze kidato cha tano. Anataka kusoma udaktari, na sote tunajua kwamba udahili wa fani hiyo hauangalii ufaulu wa juu juu.

Mimi niliishia kidato cha nne, tena upande wa biashara, kwa hiyo siwezi kumpima mwalimu wa Biolojia kwa kumsikiliza tu. Mpaka sasa waliojitokeza ni watatu: kituo cha tuisheni kilichopo karibu na Msamvu, ambako wanafunzi ni wengi na ada ni nafuu, kijana wa jirani anayesoma udaktari Dar es Salaam, ambaye naye yuko likizo, na mwalimu wa sekondari anayefundisha wanafunzi wachache nyumbani kwake jioni, kwa shilingi 10,000 kila kipindi. Kila mmoja ananiahidi kwamba binti atapata A. Nawezaje kujua nani anafaa kabla fedha haijatoka?

Mwalimu Mstaafu:

Mama Kihonda, salamu kwako na kwa binti. Nimefundisha somo hili kwa miaka mingi, na ninachokuomba kwanza ni kwamba usizungumze bei na mtu yeyote kabla hujapata karatasi za majibu za binti zilizosahihishwa, za mitihani yake ya karibuni. Wazazi wengi hutuletea alama peke yake, na alama ya D, ambayo ni kati ya 50 na 59, haisemi ni kitu gani kimekosekana. Yuko mwanafunzi anayeifikia kwa sababu hajaelewa mada fulani, kwa mfano urithi au uratibu wa mwili. Yuko anayeelewa lakini hajui kujibu swali la maelezo. Na yuko ambaye nadharia anaijua vizuri, ila alama zake zinaishia maabara, kwenye vitendo. Hawa watatu hawahitaji mwalimu wa aina moja.

Kwa ulivyoeleza, nashuku kwamba binti yumo katika kundi la pili. Mtoto anayefanya vizuri Kemia, anayelipenda somo la Biolojia na kulisoma usiku na mchana, kisha akakwama kwenye D, mara nyingi ni mtoto aliyekariri daftari. Chukua swali kama hili: eleza jinsi mwili unavyodhibiti kiasi cha maji mtu anapofanya kazi juani bila kunywa chochote. Aliyekariri ataandika majina, yaani haipothalamasi, tezi ya pituitari, homoni ya ADH na figo, na yote yatakuwa sahihi, lakini atapata alama chache kwa sababu swali limedai mfuatano wa matukio. Damu inapungukiwa maji na kuwa nzito. Haipothalamasi inayahisi mabadiliko hayo. Tezi ya pituitari inaachilia ADH zaidi. Kuta za mirija ya kukusanyia mkojo ndani ya figo zinaruhusu maji mengi zaidi kupita. Maji hayo yanarudi kwenye damu na mkojo unatoka kidogo tena uliokolea. Kisha damu ikisharejea katika hali yake, ADH inapungua. Kiungo kimoja kikikosekana, msahihishaji hana ruhusa ya kumjazia mtahiniwa, hata kama anahisi kwamba mtoto alikijua.

Katika urithi mambo ni hayo hayo. Mwanafunzi analiona swali la sifa mbili na kukimbilia uwiano wa 9:3:3:1 bila kuonyesha jeni za wazazi wala gameti zao, yaani seli za uzazi, na hata hagundui kwamba swali limemwambia jeni hizo ziko karibu karibu kwenye kromosomu moja, hali ambayo inauondoa uwiano huo kabisa. Mtoto wa namna hii hahitaji mtu wa kumsomea noti upya. Anahitaji mtu wa kukaa naye, kumwandikisha, kumsahihisha kwa kalamu nyekundu na kumrudishia aandike tena.

Baba Watatu:

Mwalimu amesema vizuri, lakini mimi nauliza kama tuisheni yenyewe inahitajika. Mitihani iliyopita, fomati za mitihani na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa zote zinapatikana bure kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani. Taarifa hizo zinaonyesha swali kwa swali mahali watahiniwa walipokosea, tena zikiwa na sampuli za majibu mazuri na mabaya. Kwa mtoto wa kidato cha tano mwenye nia, likizo nzima akiwa na karatasi hizo na wenzake wawili wa mtaani inaweza kumtosha.

Mwalimu Mstaafu:

Baba Watatu, taarifa hizo ni hazina, na ninashangaa ni walimu wachache kiasi gani wanaozifungua. Ila mwanafunzi aliyezoea kukariri huzisoma nazo kwa kuzikariri. Akiandika jibu lake, lazima awepo mtu wa kumwambia kwamba hapa umetaja na hukueleza, na wenzake wawili wa mtaani kwa kawaida wana kasoro ile ile. Mwalimu anayefaa ndiye atakayezitumia karatasi hizo, na hilo liwe swali lako la kwanza kwake, Mama Kihonda: muulize anazo, na anazitumiaje. Akionekana kuzisikia kwako kwa mara ya kwanza, mshukuru na uendelee kutafuta.

Swali la pili ni la muhtasari wa somo. Taasisi ya Elimu Tanzania ilitoa mihtasari mipya ya mwaka 2023, na inaingizwa hatua kwa hatua, kwa hiyo mwalimu lazima ajue shule ya binti inafuata upi kabla hajatoa noti alizoziandika zamani.

Kuhusu kumpima, huhitaji kujua Biolojia. Omba kipindi kimoja cha majaribio na ukilipie, maana si haki mtu kufanya kazi bure. Keti mbali kidogo na uangalie nani anazungumza zaidi na nani ameshika kalamu. Kipindi kikiisha na binti hajaandika hata aya moja, umeshapata jibu. Jioni mwambie binti akueleze alichojifunza kwa Kiswahili, bila daftari, kama anavyomweleza mtu asiyejua. Ukiuliza "kwa nini?" mara mbili akakujibu, ameelewa. Akishaweza kukueleza wewe kwa Kiswahili, ndipo aliandike jibu hilo kwa Kiingereza cha mtihani, kwa sababu baadhi ya watoto wetu hupoteza alama kwa sentensi ambazo wao wenyewe hawakuzielewa walipozinakili.

Daktari Mtarajiwa:

Shikamoo mwalimu, shikamoo mama. Mimi nasoma udaktari mwaka wa tatu na huwa nafundisha wakati wa likizo, kwa hiyo naomba nizungumze kwa niaba ya huyo kijana wa jirani, na pia dhidi yake.

Katika mambo ya mwili wa binadamu, kama mzunguko wa damu, mishipa ya fahamu, homoni na figo, tunaweza kumsaidia binti vizuri sana, kwa kuwa ndiyo tunayoyaishi kila siku. Lakini Biolojia ya kidato cha tano na sita ni pana kuliko mwili wa binadamu. Kuna uainishaji wa viumbe, kuna kuvumwani (moss) na kangaga (fern) pamoja na mizunguko yao ya maisha, ambamo kizazi kimoja huzaa kwa spora na kinachofuata kwa gameti, kuna usafirishaji wa maji katika mimea, na kuna ikolojia. Wengi wetu mambo hayo tuliyaacha siku tuliyotoka kwenye chumba cha mtihani wa kidato cha sita. Muulize kijana huyo atamfundisha binti nini kuhusu mimea, na uangalie uso wake.

Ushauri wangu ni kwamba, kwa kuwa mko Morogoro, mnao wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine wanaosomea sayansi pamoja na ualimu katika kampasi ya Solomon Mahlangu, pale Mazimbu. Hao wanafundishwa somo pamoja na namna ya kulifundisha. Tahadhari ni moja tu: vipindi vyao vya mazoezi ya kufundisha mara nyingi huangukia katikati ya mwaka, kwa hiyo ulizeni mapema asije akaondoka likizo ikiwa katikati.

Chaki Nyeupe:

Mimi nafundisha kwenye kituo cha tuisheni, si hicho cha Msamvu, na naona tunapondwa bila kusikilizwa. Kituo kizuri kina mitihani ya kila wiki, kina ushindani, na mtoto anagundua kwamba wenzake wa shule nyingine wameshamaliza mada ambazo yeye hajazianza. Hilo mwalimu wa nyumbani hawezi kulileta. Nakubali kwamba darasa likizidi watu arobaini hakuna anayesahihisha maelezo marefu ya kila mtoto, na kwa tatizo alilolieleza mwalimu, kituo pekee hakitoshi. Lakini kwa majaribio ya Jumamosi kinaweza kufaa, na vituo vingine hukubali mtoto alipie mitihani tu bila vipindi. Waulize.

Mlezi wa Mji Mpya:

Naomba niongeze jambo ambalo halijaguswa. Huyu ni binti, na mwalimu tunayemzungumzia ni mtu mgeni kwake. Hata awe na sifa gani, chukua nakala ya kitambulisho chake, pata majina ya wazazi wawili aliowafundishia watoto na uwapigie simu wewe mwenyewe, na vipindi vifanyike sebuleni, mlango ukiwa wazi na mtu mzima akiwa nyumbani. Mawasiliano ya simu yapite kwako. Mwalimu mwenye nia njema hatakasirika. Aghalabu yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kuyapendekeza. Kwa sababu hiyo, huyo anayefundisha kwake jioni ningemwomba aje kwenu, hata kama nauli itaongezeka.

Mama Kihonda:

Asanteni sana, na Mwalimu, pokea shikamoo yangu. Binti amerudi na karatasi zake. Nimezipitia naye, na hata mimi nisiyejua somo nimeona kwamba maswali mafupi amepata karibu yote, lakini kwenye maelezo marefu kila ukurasa una alama ya kuuliza ya mwalimu wake na neno moja linalojirudia, kwamba aeleze. Urithi amefanya vizuri. Kilichonishangaza ni vitendo, ambavyo hakuna aliyewahi kunitajia: michoro yake imekatwa alama, na katika upimaji wa vyakula pia amepoteza. Je, hayo ya maabara mwalimu wa nyumbani anaweza kuyarekebisha? Na binti akirudi bwenini, ambako simu hairuhusiwi, itakuwaje?

Mwalimu Mstaafu:

Marahaba, mama. Vitendo tuvigawe. Kupasua panya au mende na kuchemsha kemikali ni kazi ya maabara ya shule, na sitaki mtu alete tindikali jikoni kwako. Lakini michoro inarekebishika mezani kwa penseli iliyochongwa vizuri: mstari mmoja usiokatika, bila kutia kivuli, mistari ya majina isiyopishana, kichwa cha mchoro, na ukubwa unaoijaza nafasi iliyotolewa. Ua la mhibiskasi, panzi na jani la mhogo vinatosha kumfanyisha mazoezi ya kuchora, kuainisha na kuandika sababu za kuainisha.

Upimaji wa vyakula nao sehemu kubwa ni uandishi. Mwombe mwalimu utakayempata akague kama alama zilipotea kwenye kupima au kwenye kuripoti. Wanafunzi wengi huandika kwamba sukari imeonekana, wakati wanachotakiwa kuandika ni kwamba mchanganyiko ulitoka bluu ukapita kijani na njano hadi nyekundu ya matofali ulipopashwa moto pamoja na myeyusho wa Benedict, kisha ndipo waseme kwamba kuna sukari ya aina iitwayo "reducing sugar". Sukari ya mezani haitoi rangi hiyo mpaka ichemshwe kwanza na tindikali hafifu na kupozwa, kisha tindikali hiyo ibatilishwe kwa besi. Hatua hiyo ya kubatilisha husahaulika sana.

Kati ya watu watatu uliowataja, ningeanza na huyo mwalimu wa sekondari, akikubali masharti ya Mlezi wa Mji Mpya na akilipita jaribio la kipindi cha kwanza. Akishindwa, nenda Mazimbu. Mlipe kwa wiki, usimlipe likizo nzima mbele. Patana naye kwamba kila kipindi kina jibu moja la maelezo lililoandikwa na kusahihishwa, na kwamba urithi hautaguswa, kwa kuwa utalipia kitu ambacho binti anacho tayari.

Akirudi bwenini aende na maswali ishirini hivi ambayo mwalimu ameyachagua kutoka mitihani iliyopita, ayajibu kidogo kidogo kwenye daftari moja, na wewe ulichukue daftari hilo siku ya kutembelea wanafunzi, umpelekee mwalimu alisahihishe na kulirudisha. Mwalimu wake wa shule aambiwe pia, ili asije akadhani kwamba anapimwa kisirisiri. Akishirikishwa, huenda yeye mwenyewe akakubali kulisahihisha daftari hilo, na hapo hutalipa hata nauli.