Kuchangia maafa ya nchi jirani: lori la vitu, hafla ya ahadi au mnada wa mavuno?

Katibu wa Kyela

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Ninaandika nikiwa katibu wa kikundi cha wakulima na wafanyabiashara wa mchele hapa Kyela, na ninaomba mawazo ya watu waliokwisha kuendesha michango ya kuwasaidia waliopatwa na maafa nje ya mipaka yetu, maana sisi tulijaribu mara moja na hatukuridhika na tulivyofanya.

Ilikuwa Machi 2023. Kimbunga Freddy, ambacho kilipewa jina tangu tarehe 6 Februari kikiwa upande wa Australia, kilivuka Bahari ya Hindi nzima, kikapiga Madagaska na Msumbiji, kikarudi baharini, kisha tarehe 11 Machi kikaipiga tena Msumbiji karibu na Quelimane na kumwaga mvua yake kusini mwa Malawi kwa siku kadhaa. Malawi peke yake walikufa watu 679, na wengine 537 hawakuonekana tena. Sisi tupo jirani kabisa na mpaka wa Kasumulu, na Wangonde wa Karonga, kaskazini mwa Malawi, ni ndugu zetu wa lugha na wa kuoleana, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kushawishiwa. Kilichotushinda ni namna ya kufanya. Tulibishana siku tisa, tukakusanya kidogo cha kila aina, na mchango wetu ukafika mwezi Mei.

Sasa tunataka kujipanga kabla ya Novemba, unapoanza msimu wa vimbunga upande huu wa bahari. Mapendekezo yaliyo mezani ni matatu: kukusanya vitu na kukodi lori, kuandaa hafla ya chakula cha jioni yenye mgeni rasmi na kadi za michango, au kutangaza namba ya malipo ya simu na kumwacha kila mtu achangie kimya kimya. Anayejua ubaya wa mojawapo auseme wazi, kwa sababu uzuri wake tumeshausikia kikaoni.

Dereva wa Kasumulu

Katibu, habari ya lori niachie mimi. Mwaka huohuo nilipeleka shehena ya kikundi kimoja ambacho sitakitaja, watu wa nia njema kabisa. Hati waliyonikabidhi iliandikwa "nguo na vitu mchanganyiko, marobota 140", bila uzito, bila thamani na bila jina la mpokeaji wa upande wa pili. Afisa wa forodha hawezi kusamehe ushuru wa mzigo usiojulikana unakwenda kwa nani, na simlaumu. Nililala mpakani usiku sita, nikinunua maji ya kuoga.

Baada ya hapo kuna barabara. Wengi hapa wanasema Malawi ni mlango wa pili, na kwa Karonga ni kweli, lakini maafa yale hayakuwa Karonga. Yalikuwa Blantyre, Phalombe, Mulanje, Chikwawa na Nsanje, kusini kabisa, kilomita 900 na ushee kutoka mpakani kwa kupanda mlima wa Chiweta, kupita Mzuzu na Lilongwe, katika nchi ambayo dizeli huadimika mara kwa mara vituoni. Kodi ya gari, mafuta na posho yangu vilizidi thamani ya nguo nilizobeba, na nguo za mitumba ziko tele katika soko la Limbe, umbali mfupi kutoka kwa waathirika wenyewe.

Tulipofungua robota la kwanza katika shule waliyojihifadhi watu, vilivyotoka juu ni koti zito la baridi, suruali ya mtoto isiyo na zipu, na kiatu kimoja chekundu cha kisigino kirefu. Mama mmoja alikishika kile kiatu, akakigeuza, kisha akauliza kwa upole kama tuna sufuria.

Na msifikiri mchele ni rahisi kuliko nguo. Unahitaji cheti cha afya ya mimea, halafu sera za biashara hubadilika bila kutungoja. Machi 2025 Malawi ilizuia kuingiza unga, mchele, tangawizi, ndizi na mahindi, mwezi uliofuata Tanzania ikajibu kwa zuio lake, na ingawa mambo yalizungumzwa yakaisha mapema Mei, aliyekuwa na gari barabarani katika wiki zile alijua alichokiona.

Muuguzi wa Tukuyu

Naomba niongeze jambo moja, la dawa. Msikusanye dawa majumbani. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inataka dawa za msaada ziwe zimebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda zinapofika, ziwe zimeombwa na mpokeaji, na maelezo yake yawe katika lugha ambayo wahudumu wa huko wanaielewa. Baada ya tsunami ya 2004, Aceh huko Indonesia ilipokea dawa nyingi zisizohitajika kiasi kwamba kuziteketeza kukawa kazi nyingine yenye gharama zake.

Freddy iliikuta Malawi ikiwa katika mlipuko mbaya wa kipindupindu ulioanza Machi 2022 na kuua watu zaidi ya 1,700. Kilichohitajika zaidi kilikuwa ndoo zenye mifuniko, sabuni na dawa ya kutibu maji. Vitu hivyo vyote vinanunuliwa Lilongwe kwa pesa.

Bibi Mchele wa Ipinda

Mwanangu Dereva nimekusikia, na binti yangu Muuguzi pia. Lakini ninyi wenye mishahara mnasema "peleka pesa" kana kwamba pesa imelala chini ya mkeka. Mkulima wa huku akiombwa shilingi elfu ishirini atakwambia Mungu atubariki, akaondoka. Akiombwa debe la mpunga analipima mbele yako na kulisukasuka lijae. Ndiyo maana lile pendekezo la namba ya simu mimi halinigusi. Anayetoa kimya kimya ni yule aliyenacho, na wengi wetu tunatoa tukionana.

Tena mnasahau kalenda. Kimbunga huja kati ya Novemba na Aprili. Mwezi Machi hapa Kyela mpunga bado uko shambani umesimama kwenye maji, ghala limebaki mavumbi, ada za shule zimekwisha kunyonya kilichokuwepo, na watu wanakopa. Ile 2023 hatukushindwa kwa sababu ya ubishi peke yake, Katibu. Tuliombana wakati wa njaa yetu. Mtu hukamua ng'ombe aliyezaa.

Ninachopendekeza mnakijua wote, ila hamkukifikiria kwa sababu mmekizoea kanisani. Sikukuu ya mavuno. Watu walete jogoo, mkungu wa ndizi, mpunga, kakao, mayai, na mnada ufanyike palepale, na anayenunua akitaka arudishe ili kiuzwe tena. Mwaka jana usharikani kwetu yai moja liliuzwa mara kumi na moja. La mara ya mwisho lilinunuliwa na kijana wa bodaboda kwa shilingi elfu saba, akalivunja mfukoni akiwa anacheza kwa furaha, na watu wakamchangia la pili. Fanyeni hivyo Julai, vitu vigeuke pesa hapahapa, pesa ikae benki ikisubiri.

Kijana wa Matangazo

Kwa heshima yote, Bibi, namba ya simu isidharauliwe. Haihitaji ukumbi, kila muamala unaacha kumbukumbu, na mtu wa Mbeya mjini au Dodoma asiyeweza kuja mnadani atachangia. Ninakubali kwamba peke yake huleta kidogo baada ya siku tatu za kwanza.

Mweka Hazina Mstaafu

Nimesimamia hesabu za kamati za harusi na za ujenzi wa madarasa kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa hiyo nitazungumzia mapendekezo mawili tu.

Hafla yenye mgeni rasmi ninaifahamu ndani nje. Katika hafla moja niliyoihudumia, jioni ile ilisomwa jumla ya shilingi 9,400,000, ukumbi ukalipuka kwa vigelegele, lakini taslimu iliyokuwa kwenye bahasha ilikuwa 2,150,000 na nyingine zote zilikuwa ahadi. Miezi minne baadaye, baada ya mimi kugeuka kero kwenye simu za watu, ahadi zilizolipwa hazikufika nusu. Ukumbi, vyakula, vinywaji, mapambo na muziki vilikuwa vimekula 1,780,000, na hivyo havikukubali ahadi. Harusi huvumilia mwendo huo kwa sababu ina tarehe na bibi harusi anaonekana. Mtu aliyeezuliwa paa huko Phalombe hamwoni aliyeahidi, na aliyeahidi hamwoni yeye.

Pendekezo la Bibi ndilo linaloingia akilini kuliko yote, isipokuwa lina tundu moja kubwa ambalo yeye amelipita haraka: fedha inayokaa miezi minane ina miguu. Kutakuwa na msiba wa mwanachama, kutakuwa na mbolea, na mtu atasema tuazime tu, tutarudisha. Kwa hiyo kabla ya jogoo wa kwanza kunadiwa, andikeni mambo haya kwenye muhtasari wa kikao na kila mmoja atie saini: akaunti iwe ya peke yake, isiwe ile ya kikundi, watia saini wawe watatu, na mmoja asiwe mwanachama, taarifa ya benki ibandikwe ubaoni kila mwezi, hata kama hakuna kilichobadilika, na fedha isitoke mpaka serikali ya nchi husika itangaze rasmi hali ya maafa, kama Rais wa Malawi wa wakati huo, Chakwera, alivyofanya Machi 2023 kwa wilaya za kusini. Sharti hilo la mwisho linawaondolea ule ubishi wa siku tisa, kwa sababu halihitaji kikao.

Jambo la sarafu pia. Wekeni shilingi, msiweke kwacha. Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha hata bei ya dola ikapanda kwa asilimia 44, na mtu aliyekuwa amebadilisha mapema "ili awe tayari" alishuhudia ndoo zake zikipungua akiwa amekaa.

Mnyakyusa wa Leicester

Nawasalimu kutoka baridini. Sisi wa huku tungependa kushiriki, lakini nawaomba msitusubiri kwa kufungua ukurasa wa michango mtandaoni kwa jina la kikundi. Kuifikisha fedha ya kurasa hizo katika akaunti ya Kyela kuna mzunguko na makato. Zaidi ya hayo, mlipa kodi wa Uingereza akichangia shirika la hisani lililosajiliwa hapa, shirika hilo hudai serikalini senti 25 kwa kila pauni moja, nyongeza ambayo ninyi hamwezi kuipata. Afadhali sisi tutoe kwa njia yetu, ninyi kwa yenu, na tupeane hesabu.

Nitawaambia kwa nini mnada wenu una maana zaidi ya kiasi chake. Mashirika makubwa ya Uingereza, ambayo hufungua mchango wa pamoja kwa maafa makubwa, yalifanya hivyo kwa Kimbunga Idai mwaka 2019. Freddy ilikuja mwezi mmoja baada ya tetemeko la Uturuki na Syria, macho ya dunia yakiwa huko, na mchango wa namna ile kwa Malawi haukufunguliwa. Majirani wakingoja wakubwa waanze, huenda wasianze.

Dereva wa Kasumulu

Nimeridhika na mnada. Lakini hakuna aliyesema fedha itakwenda kwa nani. Kuna watakaotaka tuwape ndugu zetu wa Karonga wapeleke. Karonga na Nsanje ni kama Kyela na Mtwara. Mtu wa Karonga hajui kambi ipi ina nini. Niliyoyaona ni haya: kanisa dogo la mtaani lilitugawia mzigo kwa saa mbili, na majina yaliyosomwa yalikuwa ya waumini wake. Msalaba Mwekundu wa Malawi walituweka siku nzima wakihakiki orodha ya kaya moja baada ya nyingine, nikakasirika, lakini jioni hata mzee asiyekuwa na mtu wa kumsemea alipata ndoo.

Katibu wa Kyela

Ninawashukuru sana. Jana jioni niliyasoma maoni haya kikaoni neno kwa neno. Lori limeondolewa bila kura. Hafla ilitetewa na watu wawili, ambao nadhani walikuwa wameshamfikiria mgeni rasmi. Tumekubaliana mnada ufanyike Jumamosi ya pili ya Julai, baada ya kupeleka barua kwa Mtendaji wa Kata na ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Namba ya malipo itangazwe siku hiyohiyo kwa walio mbali. Na fedha, hali ya maafa ikitangazwa, ipitie Msalaba Mwekundu wa Tanzania kwenda kwa wenzao wa nchi husika, kwa barua inayotaja ndoo, sabuni na dawa ya maji.

Limebaki swali moja ambalo lilituweka hadi saa tatu usiku. Wengine wanasema tukifika Mei bila kimbunga, fedha zirudi kwenye kikundi. Wengine wanataka zibaki hadi msimu unaofuata, na wanakumbusha kwamba Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipiga kisiwa cha Mafia, kwetu wenyewe, tena msimu ukiwa umekwisha.

Mweka Hazina Mstaafu

Zibaki. Mkiruhusu zirudi, kuanzia Februari kutakuwa na watu wanaoomba bahari itulie kwa sababu isiyo nzuri.

Bibi Mchele wa Ipinda

Zibaki. Na jogoo wangu mweupe mwandikeni kuwa wa kwanza kunadiwa, ila mfungeni miguu vizuri, anauma.