Dampa ya usukani imenigeukia kufuli, nimeanguka Gede mbele ya tuktuk

Jamani nimekuja na hasira zangu, anayetaka uzi wa adabu apite tu.

Nina pikipiki ya mbio, Yamaha R6 ya 2008, niliinunua mkononi mwa mtu. Wanaoijua wanajua haikutoka kiwandani na dampa ya usukani, kile kifaa cha kutuliza usukani usitikisike. Sikuona shida mpaka mwezi wa Ramadhani, natoka Kilifi nawahi futari Malindi. Kati ya Mida na Gede, pale barabara inapopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, nikafungua mafuta, gurudumu la mbele likapiga kiraka cha lami, na usukani ukaanza kwenda kushoto kulia kushoto kulia kama ungo wa mtu anayepepeta mchele. Sekunde tatu hivi, nami nikahisi Ayatul Kursiyu nimeimaliza yote. Nilipopunguza mafuta polepole ikatulia yenyewe.

Kesho yake nikaenda kwa fundi, hapa hapa Malindi. Simtaji, anajijua, na wateja wake wanamjua. Akaipanda, akazunguka uwanja mara moja, akashuka akasema: "Kaka, dawa yake dampa." Hakuinua gurudumu la mbele, hakutazama upepo wa tairi, hakugusa shingo, pale usukani unapozungukia kwenye fremu. Mzunguko mmoja wa uwanja na cheti kishaandikwa.

Nikanunua kwa muuzaji wa Mombasa anayeuza kwa simu, shilingi 14,500, na neno lake lilikuwa "inaingia pikipiki zote." Hapo nilipaswa kukimbia. Kitu kinachoingia pikipiki zote ni mpira wa kufungia mzigo, basi.

Kwa msioijua: dampa ni kama shokomzoba ndogo iliyolazwa. Ni mkebe wa mafuta wenye fimbo ndani, na kichwa cha fimbo kina vitundu. Ukigeuza usukani taratibu, mafuta yanapita na huhisi kitu. Ukipigwa ghafla, mafuta hayawahi kupita, mtikisiko unafia humo. Upande mmoja unashika fremu, mwingine unashika foki, ile miguu ya mbele inayobeba gurudumu. Inapunguza kasi ya usukani kugeuka, haiuzuii kugeuka. Fundi wangu ndipo alipopotelea hapo.

Kwanza, kikamatio cha foki kilikuwa kikubwa kuliko foki yangu. Mtu mwenye haya angesema "hiki sicho, kirudishe." Yeye alikata kipande cha tyubu ya baiskeli, akakizungushia foki, akakaza juu yake mpaka spana ikalia. Nikamuuliza, mpira huu hautateleza? Akanijibu amefunga pikipiki tangu mimi nikiwa chuoni nasoma juzuu. Sawa, mzee. Halafu ile dampa ina kirungu cha kurekebishia ugumu chenye vituo 18. Akakizungusha mpaka mwisho kabisa, "ili ishike." Mtu yeyote aliyewahi kuitumia atakwambia unaanza na laini, unaongeza kimoja kimoja mpaka pikipiki itulie. Ikiwa ngumu kupita kiasi, mwendo wa polepole unakuwa wa mlevi, maana usawa wa pikipiki unatokana na vile visukumo vidogo vidogo vya usukani usivyovihisi. Kutoka kwake mpaka sokoni nilikuwa nayumba kama dau lisilo na mkia. Nikadhani ni mimi, sijazoea.

Dhambi kubwa ni moja lakini. Hakugeuza usukani mwisho hadi mwisho kabla ya kuniachia. HATA MARA MOJA.

Siku ya tatu naelekea Watamu. Nimefika Gede, nakata kushoto, mwendo hata wa baiskeli haufiki. Nageuza usukani, ukafika nusu, ukagota. Kumbe fimbo imeisha urefu wake kabla usukani haujafika kwenye vinundu vya chuma vya chini ya shingo, vile vilivyowekwa na kiwanda kuuzuia. Pikipiki inataka kwenda moja kwa moja, mimi nataka kushoto, na mbele yangu tuktuk imejaa abiria. Nikashika breki ya mbele nikiwa nimeinama, na kila anayeendesha anajua mwisho wa habari hiyo. Nikalala nayo ubavuni. Dereva wa tuktuk, Mungu amweke, alisimama akanisaidia kuinyanyua, abiria wake wakicheka. Plastiki ya ubavu wa kushoto imepasuka, mkono wa klachi umekatika, goti langu limechubuka. Fimbo ya dampa imepinda.

Nyumbani nikachukua uzi na rula, kazi ya dakika kumi. Kwa pale alipoiweka brekiti, kutoka mwisho wa kulia hadi mwisho wa kushoto fimbo inahitaji kutembea milimita 82. Fimbo yenyewe mwendo wake ni 68. Milimita 14 hazipo! Angesogeza kikamatio karibu zaidi na shingo, mwendo ungepungua na ingetosha. Au angesema haitoshi. Rula ya mtoto wa darasa la nne ingeniokoa.

Sasa sikilizeni majibu. Fundi: "Dampa umeleta mwenyewe, mimi nimefunga tu." Muuzaji: "Imefungwa vibaya, hairudi." Kila mmoja anamsukumia mwenzake, mimi niko katikati na plastiki iliyopasuka. Ujumbe wa sauti nimetuma saba, na wa mwisho una tiki mbili za buluu tangu Jumatatu.

Na kinachonichoma roho kuliko vyote: juzi jirani yangu, kijana wa bodaboda tu, aliniambia tuinue gurudumu la mbele tulitazame. Tukaweka jeki chini ya injini. Akashika miguu ya foki kwa chini, akavuta na kusukuma. KOK. KOK. Beringi za shingo, zile wao wanaziita koni, zimelegea. Ukigeuza usukani polepole, katikati unahisi kama kuna kijibonde unakwama. Kisha tukapima upepo wa tairi la mbele: PSI 24. Kitabu cha R6 kinasema 36 mbele, 42 nyuma. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa shingo na upepo, na mimi nimeuziwa plasta ya 14,500, tena plasta iliyofunga mkono usikunjuke.

Nyongeza, baada ya Isha: Nimesoma maoni yenu. Aliyeandika dampa ni mapambo ya vijana wa Instagram, ndugu yangu, hapana. Suzuki walipotoa TL1000S mwaka 1997 iliwabidi waziite tena pikipiki wazifungie dampa, kwa sababu ya tatizo hili hili. Mimi siikatai dampa. Naikataa ya "zote," na naikataa kufungwa kwa macho.

Aliyeniuliza kwa nini sikuangalia mwenyewe: nimelipa fundi aangalie. Au siku hizi tunalipa na kuangalia pia?

Na wewe unayeniambia niache, "mambo ya riziki za watu": goti ni langu. Sheria ya kulinda watumiaji tunayo tangu 2012, na Mahakama ya Madai Madogo inapokea madai mpaka shilingi milioni moja. Yangu hayafiki hata elfu hamsini. Picha za brekiti ninazo, za kile kipande cha tyubu ninazo, na M-Pesa haisahau. Nimewapa wote wawili mpaka Ijumaa.

Kwa sasa nina swali moja tu la maana. Nani kati ya Malindi na Kilifi ana ile spana yenye meno ya kushika nati ya duara ya shingo? Beringi mpya nimeshaagiza. Mafundi wawili niliowauliza wameniambia wanaikaza kwa nyundo na patasi, na hao nimewashukuru nikaondoka.