Falsafa ya Magharibi: tuanze na vitabu vya utangulizi au na Plato mwenyewe?

Mwanagenzi
Salaam wadau. Nataka kuisoma falsafa ya Magharibi mwenyewe, bila darasa wala mtihani. Rafiki mmoja kaniambia nianze na Historia ya Falsafa ya Magharibi ya Bertrand Russell ili nipate ramani. Mwingine kacheka, kasema ramani ya nini, msome Plato. Nina kama saa moja kila usiku. Nishaurini, na mtoe sababu. Ombi langu ni moja: msinimwagie orodha ya vitabu hamsini.

KurasaTatu
Plato. Anza na kitabu chake, Utetezi wa Socrates: mwalimu wake, mzee wa miaka sabini, anajitetea mahakamani Athens, mwaka 399 kabla ya Kristo. Jioni mbili umemaliza, na hukutani na istilahi ya kukutoa jasho. Fuatisha Euthyphro na Crito, kisha Phaedo, anapokunywa sumu. Hapo utakuwa umewaona watu wakifikiri mbele ya macho yako, hujasimuliwa. Vitabu vya utangulizi ni vya wanaotaka kuonekana wamesoma. Na huyo Nietzsche, ambaye najua atatajwa hapa muda si mrefu, mruke. Ni wa vijana walioachwa na wachumba.

Radi
Mkuu, ulikuwa unakwenda vizuri ukaharibu mwishoni. Nietzsche umemsomea wapi, kwenye picha za nukuu? Nasaba ya Maadili, 1887, ni insha tatu, na ya kwanza peke yake inamtosha yeyote anayedhani maana ya wema na ubaya ilikuwa hivihivi tangu dunia iumbwe. Taja hoja moja iliyomo humo unayoipinga. Moja tu.

BiTafakuri
Mimi kilichonichoma ni hiyo ya "kuonekana wamesoma". Ndugu KurasaTatu, Kant alitoa Uhakiki wa Akili Safi mwaka 1781, watu wakalalamika kwamba hausomeki. Akafanya nini? Mwaka 1783 akatoa Prolegomena, kitabu kifupi cha kuwasaidia waliokwama kwenye kile kikubwa. Naye alitaka kuonekana kasoma?

Mwanagenzi, viko vitabu viwili vyembamba. Matatizo ya Falsafa ya Russell huyohuyo, 1912, kinaanza na meza iliyo mbele yake na kuuliza kama kweli tunaijua ilivyo. Kingine ni cha Thomas Nagel, 1987, kinakwenda swali kwa swali: tunajuaje chochote, je, tuna hiari, haki ni nini, kifo ni kitu kibaya au la. Hakikuhangaishi na majina wala miaka. Soma kimojawapo, halafu nenda kwa Plato ukijua unatafuta nini.

MpitaNjia
Huyo Nietzsche si ndiye aliyesema Mungu amekufa, kisha akashikwa na wazimu akamkumbatia farasi? Halafu Hitler akamfanya mtume wake. Niliona mahali.

Radi
Ndiyo haya ninayoyasema! "Niliona mahali." Haya, tega sikio. Ile simulizi maarufu ya kifo cha Mungu imo kwenye kitabu cha mwaka 1882, na anayetangaza ni mwendawazimu aliyeingia sokoni na taa mchana kweupe. Wanaomcheka si waumini, ni wasioamini. Ukikosa hilo umekosa yote. Kuugua kwake Turin, Januari 1889, ni kweli. Ya farasi ni masimulizi yaliyokuja baadaye. Na Wanazi walimkuta ameshazikwa tangu 1900. Dada yake, Elisabeth, ndiye aliyeshikilia karatasi zake, na mwaka 1901 yakachapishwa madokezo yaliyookotwa huku na huku yakaitwa kitabu. Yeye mwenyewe aliwadharau wanaowachukia Wayahudi, na akaliandika hilo.

KurasaTatu
Sentensi moja ya utani, nimelipwa hotuba nzima. Kuhusu wachumba sifuti kitu.

Dada BiTafakuri, umeitaja Prolegomena, sasa fungua ukurasa wake wa kwanza: Kant anasema si kwa matumizi ya wanafunzi bali ya walimu wa baadaye. Hicho ndicho utangulizi wa anayeanza? Mpe Mwanagenzi leo uone kama kesho utamkuta hapa.

BiTafakuri
Sikumpa. Usinilishe maneno. Nilimpa Nagel na Russell wa 1912. Prolegomena nilikupa wewe.

Chuma
Mwalimu kamaliza, nimecheka peke yangu.

Mimi namtetea Russell wa ile historia kubwa, ya 1945, maana naona mmemruka kana kwamba ni aibu. Kitabu kimegawanyika sehemu tatu, falsafa ya kale, ya Kikatoliki na ya kisasa, na anaonyesha jinsi vita, dola na makanisa vilivyowafanya watu wafikiri walivyofikiri. Anachekesha. Ana upendeleo, naam, lakini unauona waziwazi. Kampa mshairi Byron sura nzima na mwanafalsafa Kierkegaard hakumpa hata moja! Sasa unajua kabisa uko nyumbani kwa nani. Mimi upendeleo wa namna hiyo siuogopi. Naogopa mwandishi anayejifanya hana.

Mbadala wake ni Copleston, padre Mjesuiti, juzuu tisa, mwadilifu kwa kila mtu mpaka usingizi unakuja. Hao wawili walijadiliana redioni BBC mwaka 1948 kuhusu kuwepo kwa Mungu. Tafuteni huo mjadala msome, ni mfupi, na hakuna aliyemtukana mwenzake. (Jambo geni humu.)

MwanaThagaste
Mnamsifu Russell kwa uwazi wa upendeleo wake, basi niwaonyeshe mmoja ambao hamjautaja. Falsafa ya Waislamu ameipa sura moja, kisha anasema kwa fikra asilia haina umuhimu, akina Ibn Sina na Ibn Rushd ni wafafanuzi tu. Wafafanuzi! Mtakatifu Thomas Aquinas akiandika "Mfafanuzi" bila kutaja jina, anamaanisha Ibn Rushd, na wanazuoni wenzake walielewa bila kuuliza. Ni cheo hicho. Hata mnaposema "ya Magharibi", Augustine, ambaye hamwezi kuanza sehemu ya Kikatoliki bila yeye, alizaliwa mwaka 354 Thagaste, Algeria ya leo. Anton Wilhelm Amo alitoka eneo ambalo leo ni Ghana, mwaka 1734 akatetea tasnifu Wittenberg kuhusu nafsi na mwili, kisha akafundisha Halle na Jena. Yumo kwenye kitabu gani kati ya hivyo mnavyovigombania?

Chuma
Ndugu yangu, mleta mada kaomba kitabu cha kuanzia, wewe unamfungulia mashtaka marehemu. Lakini la Ibn Rushd nakubali ni doa.

MwanaThagaste
Namwambia asichukue ramani iliyochorwa na mtu aliyeruka mabara. Hilo ni jibu la swali lake. Akitaka kuanza na wa kale wenyewe, Maungamo ya Augustine, kitabu cha kumi na moja, anauliza wakati ni nini. Anasema asipoulizwa anajua, akiulizwa hajui. Huhitaji Mwingereza akuelezee.

MpitaNjia
Kwa hiyo Nietzsche alikuwa Mjerumani au Mpolandi?

Radi
Mjerumani, mzaliwa wa Röcken, 1844. Ya Upolandi alijitungia mwenyewe akajivunia. Mkuu KurasaTatu, bado nangoja hoja moja.

Mwanagenzi
Jamani, nimeanza Utetezi jana usiku. Nimefika pale Socrates anapomhoji Meletus, yule mshtaki. Je, ni sahihi kuendelea, au nirudi kwa Nagel kwanza?

KurasaTatu
Umeshaingia, usitoke.

Na kama kuna atakayemshauri afuate mpangilio wa miaka, msimpakie hilo. Anayeapa kumaliza Wagiriki wote kabla ya kumgusa Descartes, yule Mfaransa, hafiki kwa Descartes. Aristotle tuliye naye leo anaonekana kuwa maandishi ya kufundishia. Majadiliano aliyoyaandika kwa ajili ya wasomaji wa kawaida yamepotea. Ndiyo maana Metafizikia yake imewazika wengi. Kutoka kwa Plato ruka hadi Tafakuri za Descartes, 1641. Ni sita, moja kwa siku.

BiTafakuri
Hapa tuko pamoja, ingawa utakataa. Ila asiishie kwenye zile sita. Descartes aliwapelekea wengine mswada kabla ya kuchapisha, akina Hobbes, Arnauld na Gassendi wakampinga, naye akachapisha pingamizi zao pamoja na majibu yake. Majibu kwa Hobbes ni makavu, kwa Gassendi ni ya hasira. Halafu mwaka 1643 Elisabeth, binti mfalme wa Bohemia, akamwandikia: nafsi isiyo na mwili inausukumaje mwili? Descartes akazunguka, akazunguka tena, na yule binti hakumwachia. Kwangu mimi barua hizo ndizo utangulizi bora kuliko vyote, maana hapo anayeuliza ana akili kuliko anavyotarajiwa.

Chuma
Na wote hao bila kuambiana waliachwa na wachumba.

Mwanagenzi
Nirudi kwa Meletus. Socrates anasema: unanishtaki kwamba siamini miungu yoyote, na papo hapo unasema naleta mambo mapya ya kiungu. Anayeamini mambo ya kiungu lazima aamini viumbe wa kiungu, na hao ni miungu au watoto wa miungu. Meletus anabaki ameduwaa. Lakini mimi naona kama kachezewa. Shtaka lilikuwa haamini miungu ya mji. Hilo halijajibiwa.

KurasaTatu
Limejibiwa. Rudi kurasa kidogo nyuma. Alimpa nafasi ya kuchagua: unamaanisha naamini miungu mingine, au siamini wowote? Meletus mwenyewe akachagua "wowote". Amejifunga kwa mdomo wake.

Radi
Kumfunga mshtaki mjinga si kuwa na haki. Mwanagenzi kaona vizuri: hakuna mahali pale Socrates anaposema waziwazi kwamba anaiamini miungu ya Athens kama Athens inavyotaka. Alishinda mahojiano, akaiacha kesi.

MwanaThagaste
Anaapa kwa Hera na Zeus humo humo, na habari nzima ya Delphi, kwenye hekalu la kubashiri, inamhusu mungu Apollo. Unataka aseme nini tena?

Radi
Kuapa kila mtu alikuwa anaapa.

BiTafakuri
Endelea mpaka baada ya kura, Mwanagenzi. Anashangaa kwamba kura thelathini tu zingehama angeachiwa. Wengi wa wale majaji hawakuwa wamekata shauri kama wewe usivyokata sasa.

KurasaTatu
Na katika thelathini hizo Radi angekuwa wa kwanza kutupa yake ya hatia.

Radi
Ningetupa. Hoja moja, mkuu. Bado nangoja.