Nodame Cantabile au Your Lie in April: ninunue ipi kwa kuanzia muziki wa klasiki?

Kasuku_Mwekundu
Wakuu, heshima mbele. Nimeazimwa juzuu ya kwanza ya Your Lie in April, manga (vitabu vya katuni vya Kijapani) ya wanamuziki vijana, na tangu hapo nasikiliza muziki wa klasiki kila jioni. Nataka kununua seti moja nzima. Hii, au Nodame Cantabile? Kuna mdau kanitajia pia manga nyingine ya piano, Piano no Mori.

Mzee_Kinubi
Mkuu, swali lako ni nusu. Unasoma lugha gani? Karatasi au za kwenye simu? Umetenga kiasi gani? Unapenda piano peke yake au okestra nzima?

BintiMikocheni
Nodame, hapo hakuna mjadala. Mwandishi wake, Ninomiya, anakuingiza hatua kwa hatua: wanafunzi wawili wa muziki, Nodame na Chiaki, wanapiga sonata ya Mozart ya piano mbili, K. 448, baadaye inakuja konsato ya 2 ya Rachmaninoff (piano na okestra), halafu okestra ya vijana inajitosa kwenye simfoni ya 1 ya Brahms. Utaelewa mwongoza okestra pale mbele anafanya kazi gani. Hiyo nyingine ni vilio tu.

Upepo_wa_Kusi
Vilio tu? Dada, rudia pale mpiga piano Kousei anapomsindikiza mpiga fidla Kaori kwenye Introduction and Rondo Capriccioso ya Saint-Saëns. Vidole vinagonga lakini sauti ya piano haimfikii tena masikioni. Anaacha kupiga. Kaori naye anaacha, katikati ya mashindano, akijua alama zimeshapotea, kisha wanaanza upya. Nilifunga kitabu nikaitafuta kazi hiyo usiku uleule.

BintiMikocheni
Umeshamsimulia tayari! Mwache asome mwenyewe.

Mwanakwaya_Rombo
Kasuku, kabla hujatoa hela, sikia yaliyonipata. Niliagiza Nodame ya Kiingereza kwa muuzaji wa vitabu vya mtumba mtandaoni. Tangazo lilisema "seti kamili". Nikalipa bei, nikalipa usafiri, mzigo ukakwama njiani, nikahangaika nao wiki nzima. Kufungua boksi, ni juzuu ya 1 hadi ya 16. Hadithi ina 23, na ukiongeza sehemu ya opera ni 25! Toleo la karatasi la Kiingereza liliishia 16, zilizofuata zikatoka kidijitali. Muuzaji alilijua hilo. Nilipomwandikia akajibu kwamba kamili maana yake ni zote zilizochapwa. Nikadai nirudishiwe hata nusu, akanyamaza mpaka leo. Juzuu mbili ziliwahi kulowa, kurasa zimegandana, ukizibandua wino unang'oka na karatasi. Humo ndani wameshafika Paris, utamu umekolea, halafu basi.

Kasuku_Mwekundu
Pole sana mkuu. Nasoma Kiingereza, na nataka karatasi.

Mzee_Kinubi
Basi Your Lie: juzuu 11, na zote zilichapwa kwa Kiingereza. Kiasi bado hujakitaja.

Polonezi
Mnaipita Piano no Mori hivihivi? Mwandishi wake, Isshiki, aliiandika kuanzia 1998 hadi 2015, juzuu 26, na inakupeleka mpaka Mashindano ya Chopin ya Warsaw, yale yaliyoanza 1927. Tena mpiga piano Kyohei Sorita, ambaye upigaji wake ndio unaosikika mhusika mwalimu Ajino anapopiga kwenye anime (filamu ya katuni ya mfululizo) ya 2018, alikwenda Warsaw kweli mwaka 2021 akashika nafasi ya pili.

Upepo_wa_Kusi
Anime ni mada nyingine, jamaa anauliza vitabu. Ila Kasuku, usisikilize huku unasoma. Etyudi (kipande cha mazoezi) ya Chopin Op. 25 namba 5, anayoipiga Kousei, haifiki dakika 4. Ukurasani inabeba kumbukumbu zote za Kousei na mama yake, muziki utaisha yeye bado yuko jukwaani. Soma kwanza, kisha weka kitabu chini usikilize.

Polonezi
Sikubaliani. Mimi huiweka ijirudie.

Mzee_Kinubi
Kwa kuwa Kaori anapiga Kreutzer, sonata ya Beethoven ya fidla na piano, mjue kwamba aliyeipiga mara ya kwanza, Vienna, Mei 1803, ni George Bridgetower, mpiga fidla ambaye baba yake alikuwa na asili ya Kiafrika. Beethoven mwenyewe alikaa kwenye piano. Kisha wakakosana, sonata ikatunukiwa Rodolphe Kreutzer, ambaye hakuwahi kuipiga hadharani. Jina la Bridgetower lilistahili kubaki pale juu.

Mwanakwaya_Rombo
Hili sikulijua kabisa, asante Mzee. Kwaya yetu tunaimba Haleluya ya Handel kila Pasaka kwa solfa, na hakuna anayetusimulia habari za watu kama hawa.

BintiMikocheni
Solfa ni nzuri kwa kuimba, ila kwa ala mjifunze nota za mistari.

Mwanakwaya_Rombo
Nani kakwambia? Mpiga kinanda wetu anasoma solfa tupu, na hakosei.

Kasuku_Mwekundu
Mzee, hiyo Kreutzer nianze na rekodi ya nani?