Cusco ukiwa na begi mgongoni: tuliofika tupeane uzoefu

Marangu_Juu
Wakuu, salaam. Kila anayeulizia Peru anaulizia Machu Picchu, yale magofu ya milimani, Cusco anaitaja kama mahali pa kubadilishia gari. Hilo linaniuma, maana mji wenyewe ndio ulionishika mimi. Ulikuwa makao makuu ya Wainka, wenyeji waliotawala milima ile, mpaka Wahispania walipoingia mwaka 1533. Hawakuubomoa wote. Kuta nyingi walizikata juu, wakaacha sehemu ya chini, wakapandishia makanisa yao na nyumba zenye roshani za mbao. Unapita kichochoro kimoja, usawa wa bega lako ni jiwe la Mwinka, ukiinua macho ni chokaa nyeupe ya Mhispania. Naomba tuliopita pale na pesa ya kuhesabu tusimulie tulichokiona, ili anayejipanga kwenda asiupite mji huu mbio.

Naanza na pumzi, maana ndiyo inayokupokea uwanja wa ndege. Cusco iko mita 3,400 hivi. Kwa wanaoujua Kilimanjaro, ni kati ya kambi ya Mandara (2,720) na ya Horombo (3,720). Tofauti ni kwamba huku unapanda kwa miguu, mwili unazoea. Kule ndege inakuchukua Lima, pembeni ya bahari, na baada ya saa moja na ushee uko juu. Mimi kazi yangu ni kupandisha wageni mlimani, na bado ngazi za kwenda mtaa wa San Blas zilinisimamisha. Kichwa kinagonga, usingizi ni wa mang'amung'amu, chakula hakina hamu. Nilijitibu kwa yaleyale ninayowahimiza wageni: pole pole, maji mengi, pombe kando, usiku kula kidogo. Hosteli nyingi zinaweka majani ya koka na maji ya moto mezani, unajimiminia. Kule ni halali kabisa. Ila usithubutu kurudi nayo nyumbani, hata vile vipakiti vya chai. Forodha nyingi zinaihesabu dawa za kulevya.

Bi_Kisauni
Kaka Marangu, ahsante kwa kuufungua. Mimi kwetu Mombasa, nimekua nikiiona Fort Jesus kila siku, kwa hiyo ukuta wa mkoloni si mgeni kwangu. Kilichonigusa ni kwamba aliyeamuru Fort Jesus ijengwe mwaka 1593 ni Mfalme Felipe wa Pili, wakati Ureno na Hispania ziko chini ya taji moja, na ujenzi wa kanisa kuu la Cusco ulianza katika enzi ya mfalme huyohuyo. Jiwe la kanisa hilo, sehemu yake lilichukuliwa Sacsayhuamán, ile ngome ya Wainka juu ya kilima. Nikasimama uwanjani nikiwaza kwetu na kwao, bahari mbili katikati, amri ilitoka mkono mmoja.

Nendeni mtaa wa Hatun Rumiyoc, lilipo jiwe lenye pembe kumi na mbili. Watu wanajazana kulipiga picha halafu wanaondoka. Mkishapiga, baki hapo, uutazame ukuta wote. Mawe hayakulazwa kwa saruji wala udongo. Kila moja limevimba kidogo katikati na kuingia ndani kwenye kingo, kwa hiyo kiungo ukikitazama jua la jioni ni mstari wa kivuli tu. Ukuta wenyewe umelalia ndani, haukusimama wima, na milango yao ni mipana chini, myembamba juu. Ndiyo sababu zimesimama. Tetemeko la 1650 liliuangusha mji, la 1950 tena. Nyumba ya watawa ya Santo Domingo, iliyojengwa juu ya Qorikancha, hekalu la jua, ilipasuka vibaya hilo la 1950, na kuta za Wainka zikabaki mahali pake. Msiliguse hilo jiwe, tafadhali. Februari 2025 kuna mtu alilipiga usiku likabanduka vipande.

Mhaya_wa_Leuven
Dada Bi Kisauni kanena. Nami niongeze ya ndani ya makanisa, maana mimi ni Mkatoliki na nilifika Juma Kuu.

Jumatatu ya juma hilo wanamtoa Señor de los Temblores, Bwana wa Matetemeko. Ni Kristo msalabani, mwili mweusi. Moshi wa mishumaa wa karne kadhaa ndio uliompa rangi hiyo. Wanasimulia kwamba mwaka 1650 ardhi ilipokuwa haitulii, watu walimbeba wakazunguka naye mpaka ikatulia. Anapita, na kutoka kwenye roshani watu wanamwaga maua madogo mekundu yanayoitwa ñucchu. Bibi mmoja mbele yangu alikuwa na beseni zima la maua hayo. Alikuwa akiyachukua matatu matatu, anayabusu kwanza ndipo anayarusha, wala hakuharakisha hata pale mikokoteni ya vyakula ilipokuwa inamsukuma. Watu walilia, nami nikalia nao. Sikuona haya.

Ndani ya kanisa kuu kuna picha ya Karamu ya Mwisho ya Marcos Zapata, mchoraji wa karne ya 18. Katikati ya meza, kwenye sahani, kalala simbilisi wa kuokwa, miguu juu. Kupiga picha hairuhusiwi, basi itazame kwa makini uondoke nayo kichwani.

Na ndugu zangu weusi mnaouliza tunapokelewaje: utatazamwa, wengine wataomba kupiga picha nawe, sikuona chuki. Waperu wenye asili ya Afrika wengi wako pwani, Lima na Chincha. Mtakatifu Martin de Porres, ambaye parokia nyingi kwetu zina jina lake, ni wa Lima. Na Paucartambo, mji mdogo wa milimani nje ya Cusco, sikukuu ya Bikira wa Karmeli mwezi Julai ina kundi la wachezaji la Qhapaq Negro, wanaovaa vinyago vyeusi kukumbuka Waafrika waliokuwa watumwa. Laiti ningelijua mapema ningepanga Julai.

Kalamu_ya_Ujiji
Msisahau kilichotokea kwenye huo uwanja mkubwa, Plaza de Armas, penye migahawa na mabenchi. Tarehe 18 Mei 1781 Túpac Amaru wa Pili aliuawa hapo kwa kuongoza uasi dhidi ya Wahispania, baada ya kulazimishwa kumtazama mkewe Micaela Bastidas na mwanawe wakiuawa. Walimfunga kwa farasi wanne wamrarue, wakashindwa, wakamkata kichwa. Niliwaza Kinjekitile pale. Mtu akikwambia uwanja ni mzuri, kweli ni mzuri, ila kaa ujue umekaa wapi.

Mtoto_wa_Gikomba
Wadau, hakuna aliyetaja chakula? Soko la San Pedro, karibu na stesheni ya zamani. Mapema asubuhi, kabla watalii hawajaamka. Upande mmoja akina mama wa juisi wamepangana, kila mmoja anakuita "mami", "papi". Ukimaliza glasi, omba *yapa*, nyongeza. Anakumiminia iliyobaki kwenye blenda bila kukudai. Upande wa pili ni meza za supu, unakaa benchi moja na wachukuzi.

Kilichonishangaza ni chuño. Ni viazi vinavyolazwa nje usiku baridi ya milimani ivigandishe, asubuhi vinakanyagwa kwa miguu maji yatoke, vinaanikwa juani. Vinabaki vidogo, vikavu, vyepesi mkononi mpaka unadhani ni kokoto za bandia, na vinakaa miaka bila kuoza. Sisi tunaolia viazi vya Nyandarua vikioza ghalani, hapo kuna elimu.

Na chicha, pombe ya mahindi ya kimea. Vijijini ukiona kijiti nje ya nyumba kimefungwa plastiki nyekundu, humo inauzwa. Mzee aliyekaa nasi alimwaga kidogo sakafuni kwa ajili ya Pachamama, mama ardhi, kabla hajagusa yake. Nyanyangu alikuwa akifanya vivyo hivyo.

Ila Mkuu Marangu, hapo kwenye kimo nakupinga kidogo. Asiyezoea mlima asilale Cusco akitua. Ashuke moja kwa moja Ollantaytambo, mji mdogo wa bondeni, mita 2,800 hivi, aende Machu Picchu ambayo ni 2,430, ndipo arudi Cusco mwili umeshakubali. Mji huo huwezi kuufaidi kichwa kikiuma.

Nuru_Tanga
Nimesoma yote, shukrani. Natarajia Juni, bajeti ndogo. Nianzie wapi?

Marangu_Juu
Gikomba yuko sahihi, fuata mpango wake. Dada Nuru, Juni ni kiangazi, mchana jua kali na usiku baridi inakaribia sifuri, beba sweta la kweli. Tarehe 24 ni Inti Raymi, sikukuu ya jua. Vitanda vinajaa na bei inapanda, weka nafasi mapema. Usafiri wa bei nafuu kwenda Ollantaytambo ni hizo vani za mtaa wa Pavitos, zinaondoka zikijaa kama daladala. Kuna tiketi moja ya utalii, *boleto turístico*, nililipa soli 130 (pesa ya Peru), inatumika siku kumi, inaingiza Sacsayhuamán, Pisac, Ollantaytambo na vingine. Haiingizi kanisa kuu wala hekalu la Qorikancha, hizo unalipa mlangoni. Chakula cha mchana uliza *menú*: supu, sahani moja na kinywaji kwa bei moja. Tiketi ya Machu Picchu inunue kabla hujatoka Tanga, hasa kwa Juni. Na kitabu cha chanjo ya homa ya manjano kaa nacho kwenye begi dogo, ukirudi nyumbani wanaweza kukuomba.

Ukishapanga tarehe rudi useme, kuna mwenzetu kutoka Arusha naye anatafuta wa kusafiri naye mwezi huohuo.